Ekzosti inalia, kioo hakionekani: wasee wa ndai za sporti, tuongee

Leo nitaudhi watu wangu na nishakubali. Mimi ni mtoto wa Ikonge, naendesha Subaru Impreza WRX ya 2002, namba zake zinaanza na KB. Napenda gari za zamani za sporti kuliko vile niliwahi kupenda shule. Kwa hivyo haya maneno hayatoki kwa mzee wa mtaa anayechukia kelele. Yanatoka ndani ya mbogi.

Na mimi nasema sisi ni waongo. Tunajiita wapenzi wa magari, kumbe tunapenda tu kuonekana nayo. Ushahidi wangu ni kitu kidogo sana, kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipiga picha akaposti: feni ya ndani ya gari. Ile bloa inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele na miguuni. Ikiungua, wengi wetu tunafanya nini? Hatufanyi kitu. Tunaweka taulo kwenye dashibodi, tunaendelea na maisha.

Yangu haikufa ghafla. Ilianza kulia kama panya amebanwa mahali, nikaongeza sauti ya muziki. Halafu ikaacha kufanya kazi namba moja, mbili na tatu, ikabaki namba nne pekee. Nikasema si iko sawa, namba nne inatosha. Kisha siku moja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, sekunde kama kumi hivi, alafu kimya. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, katikati ya mvua.

Sasa sikiza ujinga wangu. Mwezi huo huo nilikuwa na akiba ya elfu thelathini na nane. Feni imekufa, mvua inanyesha kila siku, na mimi nikanunua ekzosti. Nikarekodi video ya ile sauti. Watu wakaniambia niko juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama naona barabara.

Wiki mbili baadaye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimebeba mathe na majirani wawili, tunaelekea upande wa Chebilat. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sisi wanne tuko ndani, nguo zimelowa, madirisha yamefungwa kwa sababu bado kuna manyunyu. Wanaojua huku wanajua ule ukungu unaolala juu ya majani chai asubuhi. Basi ukungu ulikuwa nje, na ukungu mwingine ulikuwa ndani ya kioo changu. Mkono mmoja uko kwa usukani, mwingine unapangusa na taulo. Napangusa, kinaonekana kwa sekunde tano, kinafunga tena.

Kwenye kona moja nikanyanyua mkono nipanguse. Taulo ilipopita, nikaona kikapu. Halafu nikaona mama mzee, omong'ina wa kwetu kabisa, kikapu cha chai mgongoni na mtoto wa shule amemshika mkono. Walikuwa pembeni mwa barabara, pale wanapopaswa kuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafuata huko pembeni. Nilikanyaga breki, gari ikateleza, ikasimama. Kati ya bampa na yule mtoto hapakuwa na hatua tatu.

Omong'ina hakunitusi. Alinitazama, akatazama ile bomba ya nyuma inayonguruma, akamvuta mtoto wakaendelea na safari. Ndani ya gari hakuna aliyeongea hadi tulipofika. Mathe aliposhuka akaniambia, "Hii gari yako inasikika ikiwa bado mbali, lakini wewe mwenyewe huoni aliye mbele yako." Akafunga mlango pole pole. Afadhali angeubamiza.

Kwa hivyo jambo la kwanza ninalotaka tuelewane: huku kwetu feni si raha. Msee wa Mombasa feni yake ikifa atalia jasho, atafungua dirisha, atafika. Sisi tuko kwenye milima, mvua haina mwezi wake maalum, baridi ya asubuhi unaijua. Ukiwa wanne ndani ya gari, kila pumzi mnayotoa ina maji. Kioo ni baridi. Hayo maji yanafika kwa kioo yanageuka matone madogo madogo, na ndiyo ule ukungu. Dawa yake ni hewa inayopita kwenye kioo bila kukoma, ikiwa ya moto au imekaushwa na AC. Na usiniambie AC yako bado ni nzuri. AC bila feni ni bure, kwa sababu hakuna kinachosukuma hiyo hewa kavu ikufikie. Taulo nayo haiondoi maji, inayasambaza. Usiku taa za lori zikikupiga, ile michirizi ya taulo inageuka pazia.

Hiyo ndiyo sababu nasema mtu anayeendesha Ikonge bila feni hana tofauti na mtu asiye na waipa. Waipa ziko nje, feni iko ndani, kazi ni moja: kuona. Lakini waipa ikikatika unanunua siku hiyo hiyo, kwa sababu watu wanaiona.

Jambo la pili litawachoma wengi zaidi. Ni ile "fundi, niunganishie direct."

Baada ya ile asubuhi nilikimbia kwa fundi. Jina simtaji, na garaji siitaji, kwa sababu shida haikuwa yeye peke yake. Alifungua chini ya dashibodi, akaangalia dakika tatu, akasema rezista imekufa, nipe mia tano nikupitishie waya direct. Akapitisha. Feni ikaamka, ikipiga namba nne peke yake kama mwendawazimu. Siku ya pili fyuzi ikakatika. Nikarudi. Akachukua kipande cha waya wa shaba, akakizungusha kwenye ile fyuzi iliyokatika, akairudisha mahali pake. "Hii sasa haikatiki tena," akasema. Na mimi, mwenye mdomo mrefu hivi mtandaoni, nikasema asante.

Wacha niwaeleze kwa nini huo ni upuzi, kwa sababu ningejua siku hiyo ningekataa.

Feni ya gari ni mota. Kwa kasi ya juu inaweza kuvuta ampia 15 au zaidi. Zidisha mara volti 12, unapata wati 180. Balbu ya LED ya wati 9 unayotumia kwa nyumba, hiyo ni kama balbu 20 zinawaka kwa mpigo kupitia plagi moja iliyojificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kwenye gari nyingi za zamani, rezista ndiyo inapunguza huo umeme ili upate namba moja, mbili na tatu. Inapunguza kwa kuugeuza kuwa joto, ndiyo maana imewekwa kwenye njia ya hewa ipoe. Namba nne haipiti kwa rezista, inaenda moja kwa moja. Ndiyo maana rezista ikifa, namba nne inabaki.

Sasa swali ambalo fundi hakuuliza, na mimi sikuuliza: rezista ilikufa kwa nini? Mara nyingi jibu ni mota yenyewe. Mota ikizeeka, brashi za kaboni zinaisha, beringi zinakauka, inazunguka kwa shida. Ikizunguka kwa shida inavuta umeme mwingi zaidi. Ule umeme unachemsha rezista, unachemsha plagi, unayeyusha plastiki. Fyuzi ikikatika hapo, inakuambia ukweli. Ukiizungushia waya, umeua shahidi. Kuanzia hapo kitu dhaifu zaidi kwenye hiyo njia ndicho kitaungua, na huenda kikawa ni waya uliolala chini ya zulia na sponji.

Mnafikiri natisha watu? Uingereza kulikuwa na gari ya familia, Vauxhall Zafira B. Zilianza kuwaka moto barabarani, zingine zikiwa na watoto ndani. Mwaka wa 2015 kampuni ikaita zaidi ya gari laki mbili zirudi kukaguliwa. Chanzo kilikuwa wapi? Kwenye mfumo wa feni ya ndani, hapo hapo kwa rezista na ile fyuzi yake ya joto. Kampuni ikasema watu walitengeneza vibaya, wakairuka hiyo fyuzi ya joto. Mwaka wa 2016 ikabidi waziite tena mara ya pili, kwa sababu mota yenyewe ingeweza kukwama na kupata joto. Halafu 2017 kamati ya uchukuzi ya Bunge la Uingereza ikaichapa kampuni: mlichelewa kuchunguza, mkawa wepesi wa kulaumu waliotengeneza. Lawama wagawane wenyewe. Sisi tuchukue funzo: feni inayokwama pamoja na kinga iliyorukwa ni moto. Na kama ilitokea kule, kwenye nchi ambayo gari inakaguliwa kila mwaka, sembuse kwetu, ambako waya wa shaba ndio fyuzi?

Najua mtakachosema. Nimewasikia, na zingine nimezisema mwenyewe.

Mtasema, "Gari ya sporti ni ya kukimbia, hayo mambo ya feni ni ya watu wa Probox." Bro, yule msee wa Probox anabeba watu kumi na gunia la ndizi, na kioo chake kinaonekana. Nani dereva hapo? Na msinitajie rali. Ndiyo, Patrick Njiru alimaliza Safari ya 1994 akiwa wa nne na Impreza, na mimi nimekua nikisikia hilo jina. Ndiyo, Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 na sisi wote tukajazana Naivasha. Lakini dereva wa rali ana timu nzima ya makanika inayomsubiri na kukagua gari yake waya kwa waya. Wewe una taulo. Usijilinganishe.

Mtasema, "Spea za hizi gari hazipatikani." Uongo mtamu huo. Nilipiga simu Kirinyaga Road, Nairobi, nikatuma picha ya plagi, nikapata mota iliyotoka Japani kwa elfu nne na mia tano. Rezista elfu moja na mia tano. Ikapandishwa matatu hadi Kisii, kesho yake niko nayo mkononi. Jumla elfu sita, ukiongeza nauli na kazi ya fundi haifiki elfu tisa. Ekzosti ilikuwa elfu thelathini na nane, kumbuka. Pesa ilikuwepo.

Mtasema, "Gari ni ya zamani, itaisha tu." Hapa ndipo nakasirika kabisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane. Maana yake Impreza kama yangu haziingii tena. Zile tulizonazo ndizo zimebaki. Kila moja inayoungua kwa sababu ya waya wa mia tano imeenda, hakuna nyingine inayoshuka kwa meli. Halafu unaniambia unaipenda? Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hauna hata mawe ya kuujenga upya.

Na kuna mmoja aliniambia, "Si ufungue dirisha tu." Njoo Ikonge mwezi wa nne, ufungue dirisha saa kumi jioni. Utanieleza ukishakauka.

Sasa, kazi yangu si kupiga kelele tu. Yule aliyenitengenezea mwishowe alikuwa mzee wa jua kali, sisi vijana tunamwita tata. Alipoona ule waya wa shaba aliuchomoa, akauweka kwenye kiganja changu. Nikamwambia kwa haraka, tata, nirudishie tu direct nisafiri leo. Akasema, "Kijana, mimi siuzi moto." Akanikalisha kwenye debe nimwangalie. Nilichojifunza ni hiki.

Anza na fyuzi. Soma kifuniko cha kisanduku, kimeandika ampia ngapi. Rudisha ile ile, si kubwa zaidi. Ikikatika tena, simama hapo, usiweke ya tatu. Kuna kitu kinavuta kupita kiasi.

Pili, toa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kwa gari nyingi za Kijapani feni iko nyuma yake. Angalia plagi. Ikiwa imegeuka kahawia, imekauka au imeyeyuka, usiifunge tepu. Weka plagi mpya na waya wa unene ule ule.

Tatu, chukua testa. Weka feni namba nne. Umeme ukifika kwa mota na mota haigeuki, na upande wa hasi uko sawa, mota imekufa. Umeme usipofika, tafuta rilei, swichi au waya kabla hujanunua chochote. Ikifanya kazi namba nne pekee, rezista. Ukiigonga kidogo ikaamka, brashi zimeisha, ni siku tu.

Nne, toa waya wa hasi wa betri, fungua skrubu, shusha mota, izungushe na kidole. Inapaswa kuteleza bila kelele. Yangu ilikuwa ngumu kama kinu. Unajua nini kilikuwa ndani? Majani ya mparachichi na kiota cha panya. Gari yangu haina filta ya hewa ya ndani, na mimi miaka yote naegesha chini ya mparachichi wa nyumbani kwa sababu ya kivuli. Majani yanaingia kupitia ile grili iliyo chini ya kioo cha mbele, yanashuka hadi kwa feni, yanalowa, yanaoza. Kwa hivyo ile gharama yote ilianzia kwa mti na uvivu wangu wa kufagia mahali padogo.

Tano, ukinunua mota, linganisha plagi, linganisha urefu, na uliza inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume itapiga kelele na hewa itakuja kidogo. Na ukibadilisha mota, kagua rezista pia siku hiyo hiyo. Moja iliyochoka inaua nyingine.

Hiyo ndiyo kazi yote. Saa mbili, na tulikunywa chai katikati.

Kitu kimoja kuhusu mafundi kabla sijamaliza. Ni rahisi kuwatukana. Lakini yule wa kwanza alinipa kile nilichomwomba: haraka na mia tano. Tata aliniambia angekuwa tajiri kama angekubali kuunganisha direct kila anayeombwa. Wengi wakisikia bei ya kazi halali wanaondoka kwenda kwa jirani. Sisi ndio tunawalipa wanaotudanganya na kuwanyima kazi wanaotuambia ukweli. Halafu gari ikiwaka tunasema mafundi wa Kenya ni wabaya.

Basi mbogi yetu ya Jumapili tumekubaliana sheria moja, na nawaomba nyinyi wa Kisii, Keroka, Nyamira, hata Nairobi muichukue. Kabla mtu hajafungulia ekzosti tumshangilie, anawasha feni: moja, mbili, tatu, nne, hewa yote kwa kioo. Ikipuliza, tunapiga makofi. Isipopuliza, tunafungua kisanduku hapo hapo tuangalie fyuzi yake. Tukikuta waya wa shaba, hapigwi picha, na tunachanga apate mota. Wiki ya kwanza tulikuwa gari saba. Feni zilizofanya kazi namba zote zilikuwa tatu. Waya wa shaba, mbili. Hao ndio "wapenzi wa magari".

Ekzosti bado ninayo, sijageuka malaika. Lakini ile kona naipita karibu kila asubuhi, na sasa napita polepole, kioo kikiwa safi. Juzi nilimwona omong'ina yule yule na mtoto wake, nikawaona kutoka mbali kabisa, nikapunguza mwendo nikampungia mkono. Hakunipungia. Alimvuta mtoto hadi ndani ya majani chai, wakasimama huko mpaka nilipopita.

Bado ananikumbuka kwa sauti. Sina wa kulaumu.